Kura ya Kumi na Saba

Sura ya Tano

Kufikia Jumatano mchana Haika Lyimo alikuwa amegonga milango kumi na sita, na nyuma ya kila mlango alikuta mtu hai.

Hilo peke yake lilikuwa nusu ya kesi. Katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Pinmere Mashariki, jimbo la pembezoni mwa London ambalo wazee bado huliandikia barua kwa jina la kaunti ya Middlesex ingawa kaunti yenyewe ilishafutwa zamani, mshindi alipita kwa kura kumi na moja tu. Aliyeshindwa, bwana mmoja aitwaye Lawrence Pell, hakukubali. Mawakili wake walizipekua fomu za waliopiga kura kwa posta, wakakuta kumi na saba zilizowatia shaka: majina yote ya Kitanzania, na wenye majina wote wamezaliwa tarehe mosi Julai. Kumi na saba ni zaidi ya kumi na moja. Wakasema hao si watu, ni majina ya kutunga, na mtungaji wakamtaja: Generosa Kavishe, mhudumu wa nyumba ya kutunzia wazee, ambaye mwezi Oktoba alizunguka na kalamu akiwasaidia wazee wa jumuiya ya Watanzania kujaza maombi ya kura.

Haika alikuwa mpelelezi wa ofisi ya wakili Varsha Pattni, pale Harrow, ghorofani juu ya duka la miwani. Kabla ya kuja Uingereza alikuwa koplo wa upelelezi Moshi kwa miaka sita. Varsha ndiye aliyechukua utetezi wa Generosa, na Haika ndiye aliyetumwa kuhesabu watu.

Tarehe mosi Julai haikumsumbua hata kidogo. Baba yake mwenyewe aliandikwa hivyo. Lakini mahakama haiamini mtu kwa sababu ya baba yake, kwa hiyo aliuliza mlango kwa mlango na kuandika. Mzee Philemon, wa tatu katika orodha, ndiye aliyemjibu vizuri kuliko wote.

“Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige,” alisema, kofia kichwani na blanketi magotini. “Nilipokwenda kutafuta pasipoti, karani akasema mwaka wa nzige haumo kwenye fomu. Akanipa mwaka, akaniandikia na Julai mosi. Nikamuuliza, kwa nini Julai, mwanangu? Akasema, mzee, Julai ni katikati. Hata nikikosea, sitakosea zaidi ya miezi sita.”

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akamwomba Haika akae anywe kikombe kingine. Kote alikopita aliombwa hivyo. Fomu ilichukua dakika tano kuulizia, chai ilichukua saa nzima, na alipoaga walimsindikiza hadi mlangoni polepole, wakishika ukuta, wakitafuta swali moja zaidi la kumwuliza.

Varsha alizisoma karatasi zote kumi na sita bila kuinua uso. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake hakikuwa na haraka.

“Kiti cha bunge hakituhusu tena,” alisema mwishowe. “Kumi na sita wako hai, wana sahihi zao. Pell ataondoa kesi yake wiki hii. Ila hii moja ameipeleka polisi, na moja inatosha kumfunga mtu.”

Hiyo moja ilikuwa ya Godlisten Macha, mzee wa miaka themanini na moja, aliyeishi peke yake kwenye fleti ya chini, Barabara ya Cotley. Bahasha ya kura ilimfikia Ijumaa alasiri, tarehe kumi na nne Novemba. Postamani alikuwa na kumbukumbu yake. Ilirudi kwa msimamizi wa uchaguzi Jumatatu asubuhi, tarehe kumi na saba, ikiwa na sahihi nzuri iliyonyooka. Na Jumatatu hiyohiyo mchana mzee alikutwa amefariki kitandani. Daktari alisema alikufa Jumapili, moyo ulisimama.

Hapo bado pasingekuwa na neno. Neno lilitoka kwenye wasifu.

Katika misiba ya kwetu hazikwi mtu bila kusomewa wasifu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, na mwisho kabisa lile fungu ambalo hata watoto hunyamazishwa ili lisikike, kwamba aliugua vipi, nani alikuwa kando yake, na alisema nini. Wasifu wa Mzee Macha aliuandika Generosa. Ulisomwa kwenye ibada kabla ya mwili kusafirishwa, ukawekwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, na kutoka huko, kwa mkono wa nani haijulikani, ukafika kwa mawakili wa Pell pamoja na tafsiri yake. Varsha aliusoma kwa sauti, taratibu.

“‘Kuanzia Alhamisi Baba hakuweza kutoka kitandani. Jumamosi nilikuwa naye tangu asubuhi. Mikono yake haikuweza kushika kikombe, nikamnywesha uji kwa kijiko. Akaniambia, mwambie binti yangu Blandina nimeshiba. Nilikesha naye, nikamwacha Jumapili amelala kwa amani.’”

Aliiweka karatasi mezani.

“Mtu asiyeweza kushika kikombe, akashika kalamu,” alisema. “Wanauliza ni mkono wa nani uliotia sahihi, na aliyekuwa chumbani ni mmoja tu. Mwenyewe kajiandika. Ijumaa saa nne asubuhi atahojiwa polisi. Akishtakiwa, kazi imekwenda, na kibali chake cha kuishi hapa kimefungwa kwenye kazi hiyo.”

Haika alikwisha kumwuliza Generosa mara mbili. Mara zote mbili alishikilia kwamba alikuwepo, na kwamba fomu hakuigusa. Alijibu kwa sauti ileile, kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesoma kitu alichokikariri.

“Mojawapo ni uongo,” Haika alisema. “Ama sahihi, ama kikombe.”

“Basi nenda katafute ni kipi.”

*

Barabara ya Cotley ilikuwa na nyumba upande mmoja, na upande wa pili duka moja la vyakula. Mwenye duka, Mzee Jaswinder, Singasinga mzaliwa wa Arusha, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa akiba wa marehemu, na ndiye aliyeufungua ule mlango Jumatatu. Alivuka barabara na Haika, akafungua, lakini mwenyewe hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono mfukoni.

Halmashauri ilikuwa haijaja kutoa vitu. Ndani palikuwa na baridi kuliko nje. Haika alivaa glavu, akaanza na chumba cha kulala, kwa sababu huko ndiko wasifu ulikomlaza mzee. Kitanda cha mtu mmoja, mto mmoja. Kiti kimoja, nacho kimejaa nguo zilizokunjwa. Kama mtu alikesha humu, alikesha amesimama.

Viatu vilikuwa karibu na mlango wa nje, vya kamba, soli zake zina matope yaliyokauka na jani moja la mti lililobanwa. Haika alivipiga picha. Mgonjwa wa kitandani hakanyagi majani.

Jikoni kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja kwenye kikaushio. Alifungua kabati moja baada ya jingine. Chumvi, majani ya chai, maharage ya kopo. Unga haukuwepo, wa mahindi wala wa ulezi wala wa ngano. Juu ya friji kulikuwa na mkate wa pakiti ulioota ukungu wa kijani. Vipande viwili tu ndivyo vilivyoliwa. Tarehe ya mwisho wa kuuzwa: 20 Novemba.

Alitoka nao ndani ya mfuko wa plastiki, akamwonyesha Jaswinder.

“Huu ni wako?”

Jaswinder aliugeuza. “Wangu. Mwenye gari la mikate huniletea mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Tarehe huwa siku tano mbele.”

“Kwa hiyo huu ni wa Jumamosi ya tarehe kumi na tano.”

“Hesabu hizo,” alisema mzee. “Naona wewe ni Mchagga kama marehemu.”

“Nani aliununua?”

“Mwenyewe. Nani mwingine? Alikuja, akabonyeza ndizi zangu zote, moja moja, akaniambia kama kawaida yake kwamba hizi si ndizi, ni picha za ndizi. Kisha akachukua mkate. Polisi hawakuniuliza habari ya Jumamosi. Waliniuliza ya Jumatatu tu.”

Haika alimwuliza kama alikuwa tayari kuapa kwamba ilikuwa Jumamosi hiyo na si nyingine. Jaswinder alifikiri, akasema ukweli wa watu wazima: kwamba Mzee Macha alikuja kila siku kwa miaka kumi na minne, na siku zote alibonyeza ndizi, na yeye kichwa chake sasa huzichanganya. Lakini juu ya mlango wa duka kulikuwa na kamera. Iliangalia barabara nzima, pamoja na mlango wa marehemu na sanduku la posta lililosimama kando yake. Picha zilikaa siku thelathini, kisha zikajifuta zenyewe.

Haika alihesabu kwa vidole. Leo ilikuwa tarehe kumi Desemba. Zilibaki siku tano.

Alikaa kwenye stoo ya duka, juu ya kreti, katikati ya magunia ya mchele na vitunguu. Mashine ilianza na asubuhi ya Jumatatu, tarehe kumi Novemba; picha za kabla ya hapo zilikwisha kufutika. Alianzia hapo ili asije akaambiwa amechagua. Wiki hiyo, kwa mujibu wa ratiba ya jumuiya, zamu ya kumtembelea Mzee Macha ilikuwa ya Generosa.

Jumatatu mlango ulifunguka mara moja, mzee akaenda dukani, akarudi. Jumanne hivyohivyo. Jumatano walikuja vijana wawili wenye beji za chama, wakagonga, mzee akafungua, wakaongea dakika tisa, na wale vijana ndio walioanza kuaga. Alhamisi, siku ambayo wasifu ulimlaza kitandani, alitoka mara mbili. Mara ya pili hakwenda popote. Alisimama nje ya mlango, akaangalia upande huu wa barabara na upande ule, akaingia. Ijumaa postamani alitia bahasha kwenye tundu la mlango. Jioni yake wakaja watu wa chama kingine, wakagonga, wakaongea, wakaandika kitu kwenye ubao wao, wakaenda.

Jumamosi, saa tano na dakika thelathini na nane asubuhi, Mzee Macha alitoka. Alivaa koti la kijivu na tai. Mkono wa kulia ulishika bahasha ndefu nyeupe. Alifika kwenye sanduku la posta, akaiangalia bahasha mbele na nyuma, akaitumbukiza, kisha akaingiza vidole kwenye tundu kuhakikisha haikukwama. Akavuka barabara. Dakika kumi baadaye akarudi na mkate kwapani. Mlango ukafungwa saa tano na hamsini na moja.

Haika aliandika saa hizo. Hakuzima. Aliendelea mpaka Jumatatu mchana, ambapo Jaswinder mwenyewe alionekana akivuka na ufunguo. Katikati hapo watu wa chama cha kwanza walirudi tena Jumapili alasiri. Waligonga mara tatu, wakasubiri, wakaacha karatasi.

Aliandika mstari mmoja chini ya ukurasa: *Siku nane. Hodi tatu, zote za watu wa vyama. Aliyeingia ndani: hakuna.*

Jaswinder alikuja na chai. Alisimama akaangalia ile picha iliyoganda, mlango wa kijani na karatasi iliyoning’inia kwenye tundu.

“Niko hapa mbele yake,” alisema. “Hatua ishirini. Na mimi sikuingia.”

Haika alimwomba nakala mbili, na sahihi yake kwenye kila moja. Kisha alitoka nje, giza la saa kumi na nusu likiwa limeshatanda, akapiga simu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Generosa. Msimamizi wa zamu, Nazneen, hakuwa na cha kuficha. Jumamosi ile Generosa alifanya kazi saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Jumapili vilevile. Wenzake wawili waliugua na yeye huwa hakatai.

*

Generosa alipanga chumba Stratford, ghorofa ya nne, dirisha likiangalia reli. Alhamisi hiyo alikuwa na mapumziko ya mchana. Alimkaribisha Haika kwenye kiti, yeye akakaa kitandani, na koti la kazi bado mwilini.

“Karibu, mdogo wangu. Chai?”

“Baadaye, dada. Ule uji wa Jumamosi, ulikuwa wa nini?”

“Wa ulezi.”

“Unga ulitoa wapi?”

“Kabatini kwake.”

“Kabatini kwake hakuna unga.”

Generosa alivuta mkono wa koti. Akasema labda aliubeba mwenyewe, siku zimepita. Haika hakumbishia. Alimwuliza alikaa wapi alipokesha. Akajibu, kwenye kiti. Alimwuliza alimpa uji saa ngapi. Akajibu, kama saa tano, saa sita. Ndipo Haika alipofungua kompyuta, akaiweka kitandani kati yao, akaibonyeza.

Waliiangalia dakika zote kumi na tatu. Mzee alipoingiza vidole kwenye tundu la posta, Generosa aliinama karibu na kioo. Alipopotea dukani, alimsubiri. Mlango ulipofungwa alibaki akiuangalia.

“Kafunga tai,” alisema.

“Sahihi ni yake, dada. Hujafanya kosa lolote la kura. Hii, na karatasi ya zamu zako kutoka kwa Nazneen, kesho saa nne zitamaliza mambo. Kinachotakiwa ni maelezo yako tu, kwamba Jumamosi hukuwepo.”

“Siwezi.”

“Kwa nini?”

“Ilikuwa zamu yangu.” Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akiangalia reli. Maneno mengine yalitoka vipandevipande, na Haika aliyaacha yatoke. Kwamba Jumatatu ile Blandina, binti wa mzee, alipiga simu kutoka Moshi, akilia, na swali lake la kwanza halikuwa amekufa saa ngapi. Aliuliza nani alikuwa naye. “Ningemjibu nini, Haika? Hakuna? Nikasema, mimi. Akashukuru. Akashukuru mpaka nikaona aibu kunyamaza, nikaongeza uji. Siku ya pili akaniambia niandike wasifu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo.”

“Na sasa wasifu unakupeleka polisi.”

“Basi niende. Waseme nimeiba kura. Nitarudi nyumbani mwizi wa kura. Hata huko wako, na wanapewa viti vya mbele. Ila hilo jingine—”

Haika alifunga kompyuta. Alikuwa amejifunza Moshi kwamba mtu anayekiri asichokifanya ni mgumu kuliko anayekana alichokifanya, na kwamba hafai kusukumwa.

“Huwezi kukiri hilo,” alisema. “Picha ninayo. Mimi sitaandika uongo, na Mama Varsha hataupeleka. Pell ana wasifu wako mkononi. Lazima aambiwe kwa nini si kweli, na ukweli huo ukitoka kwake utafika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya jua kuzama. Blandina atajua. Kilichobaki kwako ni kuchagua atajulia kwa nani.”

Treni ilipita chini. Vikombe viwili vya Generosa viligongana rafuni.

“Moshi ni saa ngapi?”

“Saa kumi na moja jioni. Nitoke nje?”

“Kaa.”

Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa, Generosa alisimama, kama mtu aliyeona mkubwa akiingia chumbani. Walisalimiana kirefu: watoto, mvua, kaburi limejengewa au bado. Haika aliangalia sakafu. Kisha Generosa akasema upesi, kwa pumzi moja, kwamba Jumamosi ile alikuwa kazini, na Jumapili, na wiki nzima, na kwamba hakumpa baba uji, na baba hakumwambia neno lolote la kumfikishia. Hakusema kazi zilikuwa nyingi. Hakusema wenzake waliugua.

Kwenye simu Haika alisikia jogoo wa Moshi.

“Hapana,” Generosa alisema baadaye, akijibu kitu. “Hakuna aliyeingia. Tumeangalia.” Akasikiliza. “Hakuwa mgonjwa, Blandina. Alikuwa anatembea. Kafunga tai. Alikwenda kupiga kura, akanunua mkate... Hapana, haijulikani kura alimpa nani. Ni siri.” Akasikiliza tena, muda mrefu. “Ndiyo. Una haki.”

Alibaki na simu sikioni. Haika alijua imekatwa kwa kuwa mwanga wake ulikuwa umezimika, lakini alingoja mpaka mwenyewe alipoishusha, akaiweka uso chini juu ya mto.

“Ameniambia nisimpigie tena,” alisema.

Alivua koti la kazi, akalitundika, akakaa mbele ya Haika, mikono juu ya magoti.

“Andika.”

Haika alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, mahali, saa. Generosa alitamka mwenyewe, bila kukariri safari hii, akisimama kwenye kila neno ili kalamu imfikie.

“Mimi, Generosa Kavishe, nathibitisha kwamba Jumamosi tarehe kumi na tano Novemba, siku ambayo ilikuwa zamu yangu kumtembelea Godlisten Macha, sikwenda.”